Siku Nilipokwama Chini Katika Swala ya Idi

Nilitamani jambo hili lizeeke polepole na kusahaulika, lakini Rumonge si mji mkubwa na walioliona walijaa uwanja mzima wa mpira, kwa hiyo ni afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, mimi niliyekuwa nimekaa chini mbele ya Waislamu wote siku ya Idi, kanzu mpya mwilini, kipaza sauti kimebanwa kifuani, nikishindwa kusimama. Aibu ile ni yangu. Nimeipokea, na namshukuru Mungu aliyeniacha hai niisimulie (ingawa siku ile niliomba ardhi inimeze, nayo haikunisikiliza).

Chanzo chake ni dole gumba la mguu wangu wa kulia. Kwa miaka mingi kiungo chake kilikuwa kimeota nundu ubavuni, na dole lenyewe likalala juu ya wenzake kama mtu anayesikiliza siri za jirani. Viatu nilikuwa navitoboa tundu ili nundu ipumue. Kwa mtu mwingine dole ni dole tu, lakini mimi ni mwalimu wa Kurani na nimeswalisha watu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na mwenye kuswali anajua kazi ya dole hilo: katika sijda, paji likiwa chini, vidole vinakunjwa kuelekea kibla, katika tahiyatu, ukiwa umeketi, mguu wa kulia unasimamishwa juu yake, na kila unapoinuka ndilo linalosukuma ardhi. Likawa moto. Ikafika nikawa naharakisha tahiyatu kwa sababu ya maumivu, na hilo liliniuma rohoni kuliko mguu.

Binti yangu Zuhura, aliyeolewa Bujumbura, ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari akakata mfupa, akaunyoosha, akaufunga kwa skrubu, na baada ya muda nikarudi nyumbani kwa gari la mkwe wangu, mguu nimeuweka juu ya mto, tukipita Gitaza watu wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, pembeni mwa barabara, nami nikilia machozi ya shukrani bila kujificha. Rafiki yangu Ramazani, anayeuza mawese yanayotoka Kizuka, tuliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa watoto, alikuja kunijulia hali. Akaliangalia lile dole kwa muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, sasa dole lako limenyooka kuliko wewe." Tulicheka sote, na mke wangu Mama Zuhura alicheka kuliko sisi.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kunyoosha mfupa ni kitu kimoja na kufundisha mguu kubeba mwili ni kitu kingine. Hilo nilielezwa na mama mmoja kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, siku niliporudi hospitali Bujumbura. Aliniambia niloweshe nyayo zangu kwenye beseni kisha nitembee juu ya saruji kavu. Nikatembea. Tukageuka kuziangalia alama. Mguu wa kushoto ulikuwa mguu kamili. Wa kulia ulikuwa na kisigino, ukingo wa nje, na vidole vidogo, na pale ambapo dole gumba lilipaswa kuwa saruji ilikuwa kavu kabisa, kana kwamba daktari alikuwa amelikata na kuondoka nalo.

"Muzee, dole iko, lakini haifanye kazi," akasema. "Unaionea huruma. Uzito wote umeupeleka inje, kwa mifupa midogo ya katikati, na hiyo haikuumbwa kubeba. Ukiendelea hivi, utapona hapa uumie pale."

Akanifundisha kulibana dole chini kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, kusimama kwa ncha za vidole nimeshika ukuta, kutembea nikimalizia hatua kwa dole na si kwa ukingo. Akasisitiza kwamba kwa sasa niswali juu ya kiti, na nisijaribu kuinuka kutoka chini mpaka yeye mwenyewe aseme. Nilimwambia murakoze, yaani asante, kwa moyo wote. Nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi yale kwa uvivu, maana kila nilipolibana dole nilikumbuka kisu, nikaliacha lipumzike. Nilidhani ule ndio upole.

Kwa hiyo nikawa naswali kwenye kiti, nyuma ya Swedi. Swedi ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu mtu mzima mwenye watoto, sauti nzuri, mtulivu, na wazee wa msikiti walikuwa wameshakubaliana kwamba yeye ataswalisha Idi mpaka nitakapopona. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kukubali.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Nilipokuwa nimelala hospitali, usiku wa kabla ya kupasuliwa, nilimwambia Mola wangu kwa siri kwamba akiniinua, nitasimama mbele ya watu wake siku ya Idi, kwa miguu yangu miwili, kumshukuru. Haikuwa nadhiri ya kutamka. Ilikuwa ahadi ya moyo wa mtu anayeogopa. Na Idi ilipokaribia, ahadi ile ikaanza kunigonga kila nilipokaa kwenye kiti nikiangalia migongo ya watu.

Basi siku moja alasiri nikafunga mlango wa chumba, nikatandika mswala ubavuni mwa kitanda, nikaswali rakaa mbili za sunna. Nikasujudu chini. Nikainuka. Niliinuka vizuri sana, nikasema alhamdulillahi, nikatoka kumwambia Mama Zuhura kwamba nimepona. Aliendelea kupepeta mchele.

"Ulishika kitanda, Baba Zuhura?"

Nikasema nilikigusa tu. Akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. (Wenzangu, kitanda ndicho kilichoniinua siku ile. Lakini mtu mwenye hamu ya kushukuru hapendi kuugawa utukufu wake na kitanda.)

Nikampelekea Swedi habari kwamba nitaswalisha mimi. Alikuja mwenyewe nyumbani, akaniambia nafasi ni yangu na yeye atasimama nyuma yangu moja kwa moja, palepale anaposimama mtu anayeweza kuchukua uimamu imamu akipatwa na jambo. Sikulitilia maanani. Asubuhi ya Idi nilipofika uwanjani, nikakuta Ramazani ameshaleta kiti cha plastiki na kukiweka mbele, pembeni mwa mkeka wa imamu.

"Kiti yako iko hapa, Mwalimu. Ikae tu. Haiombi chakula."

Nikamwambia akiondoe. Nikasema leo nasimama. Neno dogo kama hilo, na kila kilichofuata kilitoka ndani yake.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa Gatete walikuwa wamekuja kwa miguu alfajiri, wengine wameshuka kutoka Kizuka kwa pikipiki, mikeka na maturubai ya plastiki yametandikwa juu ya majani yenye umande mpaka karibu na ziwa, na wanawake nyuma kabisa na watoto wao waliovaa nguo za kung'aa. Vipaza sauti viwili vikubwa vilikuwa vimeelekezwa nyuma, maana walio mbali hawamwoni imamu, wanamsikia tu. Hilo lishikeni.

Rakaa ya kwanza ilikwenda kwa baraka. Takbira saba, kisomo, rukuu. Kusema kweli niliisoma sura kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo, na nyuma yangu nikamsikia mtu analia. Tukasujudu. Palepale kwenye sijda nililisikia dole langu: lilikuwa limelala tu juu ya mkeka kama mgeni aliyekuja kula. Nikasujudu mara ya pili. Nikasema takbira ya kuinuka, "Allahu akbar," nikasukuma ardhi.

Mguu ukafanya kile ulichokuwa umezoea miezi yote ile. Uzito ulikimbia dole ukaenda ukingo wa nje, wayo ukageuka ubavu, na mimi nikarudi chini kwa makalio, puh, katikati ya mkeka.

Sasa, mtu aliyeswalisha maisha yake yote, mwili na ulimi wake ni ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja. Mwili ukiinuka, takbira inatoka. Nilijaribu tena, na "Allahu akbar" ikatoka tena, nikaanguka tena. Nikabadilisha mguu, nikajaribu kwa wa kushoto, ambao goti lake nalo lina malalamiko yake, takbira ikatoka, na chini. Mnajua kwamba katika swala ya Idi, rakaa ya pili huanza kwa takbira tano, na katika kila moja watu huinua mikono. Walio nyuma walisikia takbira ya kwanza wakasimama. Waliposikia zilizofuata, wakahesabu moja, wakainua mikono. Wakahesabu mbili, wakainua mikono. Kwao swala ilikuwa inakwenda sawasawa kabisa. Wa safu za mbele, walioniona nimekaa, wakasimama nilipojaribu, wakaketi nilipoanguka, wakasimama, wakaketi. Katikati, baadaye niliambiwa, kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, mmoja amesimama na mwingine amekaa.

Swedi akasema, "Subhanallah," kwa upole, kama inavyotakiwa kumzindua imamu aliyekosea. Wengine wakadakia. Huko nyuma wanawake, ambao sunna yao ni kupiga kofi na si kusema, waliona wanaume wa mbele wanapanda na kushuka, wakapiga makofi. Na watoto waliposikia makofi wakadhani furaha ya Idi imeanza, wakapiga ya kwao. Uwanja mzima ulikuwa unanipigia makofi, mimi nimekaa chini.

Hapo ndipo niliposikia mtu anakohoa safu ya kwanza. Kikohozi kile nakijua tangu chuoni. Hakikuwa kikohozi.

Nawaambieni kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule. Sikuogopa tena mguu. Niliogopa swala ya watu. Bibi aliyetembea gizani kutoka Gatete, mvuvi aliyeacha ndagala zake hazijaanikwa, wote walikuwa wameiweka ibada yao mikononi mwangu, na mimi nilikuwa naiharibu mbele ya macho yao, takbira kwa takbira. Imamu akishindwa, hukumu ni nyepesi: anyooshe mkono, amvute aliye nyuma yake, aondoke kimya. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini aibu ilikuwa imeufunga mkono, ukaenda kwenye ulimi, nikasema mbele ya kipaza sauti, na sauti ikafika mpaka ziwani:

"Swedi, njoo mbele, mguu umekataa."

Nikawa nimesema ndani ya swala. Swala yangu ikavunjika papo hapo.

Swedi hakusita. Alipita pembeni yangu, akainama, akakitoa kile kipaza sauti kifuani mwangu kwa vidole vyepesi kama anamvua mtoto shanga, akasimama, akaanza zile takbira tano upya. Walio nyuma wakainua mikono tena, masikini, bila kuuliza. Mimi nikajiburuta hadi mwisho wa safu nikajikunyata, kanzu mpya imejaa majani, na Swedi akaimaliza swala vizuri, akapanda kwenye hotuba, akasoma hotuba fupi nzuri ambayo sikusikia hata neno.

Hotuba ilipokwisha, minong'ono ikaanza. Wako waliosema swala yote ni batili na irudiwe. Wako waliosema haina neno. Wengine walikuwa wameshaanza kukunja mikeka kwa hasira. Swedi akaja kwangu, akachuchumaa.

"Mwalimu, watu wanauliza kama swala yao imesihi. Mimi naweza kuwajibu. Lakini hawatatulia mpaka wasikie kwako."

Nilitaka kumwambia anisitiri. Lakini mtu aliyewatia watu shaka ndiye anayepaswa kuwatoa. Nikakichukua kipaza sauti nikiwa nimekaa palepale, nikawaambia ukweli: kwamba niliwahi kupona moyoni kabla sijapona mguuni, kwamba niliambiwa na mjuzi nisiinuke kutoka chini nami nikainuka, na kosa ni langu. Nikawaambia kwamba swala ya maamuma, anayeswali nyuma, haivunjiki kwa kuvunjika swala ya imamu. Aliyesimama kwa kudhani imamu amesimama hana lawama. Takbira zilizozidi ni sunna, na kuzidi kwake hakubatilishi kitu. Waende nyumbani kwa amani, Mungu awapokelee. Nikaona mabega yanashuka, mikeka inakunjwa kwa utulivu, bibi mmoja akiinua mikono kushukuru, na mimi pia nikaanza kupumua.

Ndipo Ramazani alipoinuka, mtu mzima, mvi kichwani, macho chini.

"Mwalimu, na sisi tuliocheka?"

Nikamuuliza alicheka vipi, kwa tabasamu au kwa sauti. Akasema kwa sauti, na akaongeza kwamba alijaribu kuifunika kwa kikohozi lakini haikufunikika.

Ningeweza kumwonea huruma. Ningeweza kumjibu pembeni. Lakini ameuliza dini hadharani, na dini hujibiwa kama ilivyo. Nikasema tabasamu halivunji swala, kicheko cha sauti kinaivunja, na swala ya Idi wakati wake bado upo, kwa hiyo aliyecheka kwa sauti na airudie. "Na aliyesema ndani ya swala pia airudie," nikasema, "na huyo ni mimi."

Wenzangu, sikujua nimefanya nini. Ramazani alibaki amesimama. Kisha akasimama fundi cherehani wa sokoni aliyenishonea ile kanzu. Kisha mkwe wangu. Kisha karibu nusu ya safu ya pili, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anajipangusa majani, na walioketi wakiwatazama waliosimama kwa mshangao, na baadhi ya walioketi (nawajua) wakifikiri kidogo, wakimwogopa Mungu kuliko watu, wakasimama pia. Nikageuza macho kwa wanawake. Wa kwanza kusimama kule alikuwa Mama Zuhura.

Hakuna aliyecheka sasa. Swedi akasogea kutuswalisha, maana aliyekwisha swali anaweza kuwaswalisha wengine. Ramazani akamzuia kwa mkono.

"Hapana, Swedi. Tulimucheka yeye. Tuswali nyuma yake."

Nikamwambia Ramazani kwamba ameona kwa macho yake kuwa siwezi kusimama.

"Kaa basi. Tutasimama sisi."

Nayo ndiyo hukumu. Asiyeweza kusimama huswali amekaa, na walio nyuma yake, wakiweza, husimama. Nimeisomesha hukumu hiyo kwa vizazi vya watoto wa Rumonge, na kila nilipoisomesha nilikuwa namfikiria mgonjwa fulani, mzee fulani, mtu mwingine. Sikuwahi kuisoma kwa ajili yangu.

Nikaketi chini mbele, mguu wa kulia nimeunyoosha pembeni, nikaelekea kibla. Nyuma yangu nikasikia safu zinajipanga, bega kwa bega, watu wote waliocheka. Nikasema takbira kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti, maana sote tulikuwa karibu. Nilisoma polepole. Katika sijda sikukimbia dole wala sikulipigania, nilikaa pale mpaka nikashiba. Na ile shukrani niliyomwahidi Mola wangu hospitali, niliyodhani lazima itolewe kwa urefu wangu wote, nikaitoa nikiwa mfupi kuliko kila mtu uwanjani, na nadhani, Mungu ndiye ajuaye, kwamba hiyo ndiyo iliyofika.

Tulipotoa salamu hakuna aliyeinuka haraka. Ramazani alikuja akanishika chini ya kwapa upande mmoja, Swedi upande wa pili. Njiani kwenda nyumbani nilimuuliza Mama Zuhura kilichomchekesha. Akasema miezi yote ile alikuwa anaogopa kwamba sitainuka tena, na aliponisikia nabishana na mguu wangu mbele ya watu wote kama ninavyobishana naye, hofu ilimtoka kwa njia ya kicheko. Nilimwambia Idi njema.

Sasa mazoezi nayafanya, asubuhi na jioni, na nalibana lile dole mpaka jasho linitoke, kwa sababu nimeelewa kwamba kukionea huruma kiungo kimoja ni kuvidhulumu vingine. Idi iliyofuata Swedi ndiye aliyeswalisha, nami nilikuwa nyuma yake. Na nimejiwekea kiapo kimoja, nacho nakisema mbele yenu ili mnishike nacho: sitasema tena kwamba nimepona kwa sababu tu nina hamu ya kushukuru. Nitangoja niambiwe na aliyenipima, na nikiambiwa kaa, nitakaa, na shukrani yangu nitaitoa palepale nilipokaa.